Mushale wa ordinatere unatembea peke yake: chunguza mbele ya kulipa fundi

Uko unaandika barua ya kuomba kazi. Unatosha mukono, lakini mushale kwenye ekra unaendelea kuteleza polepole na kubofya mahali usipotaka. Watu wengi wanasema mara moja: «Ni virusi.» Wanalipa ili programu zote zifutwe, na picha zao zinapotea. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwenye chombo chenyewe ao kwenye umeme. Anza hivi.

Uchafu na maji. Kile kibao cha kugusa chini ya klaviye hakipimi uzito wa kidole. Kinapima mabadiliko madogo ya umeme ambayo ngozi yako inaleta. Ndiyo maana jasho, mafuta ao tone la maji vinakidanganya. Zima mashini, pangusa kibao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikauke, kisha washa.

Sharjeri. Ichomoe. Kama mushale unatulia palepale, kosa liko kwenye sharjeri ao kwenye prizi isiyo na waya wa ardhi. Jaribu sharjeri ingine nzuri ao prizi ingine. Kazi ya maana, ifanye kwa batri.

Kidude chekundu. ThinkPad nyingi ziko nacho katikati ya klaviye. Kidole kikikaa juu yake muda murefu, kinazoea ule musukumo kama vile ni hali ya kupumzika. Ukitosha kidole, mushale unakimbia upande wa pili. Usishindane nao: acha mikono yote, ngoja sekunde chache, kitajipima upya.

Kutafuta mukosaji. Chomeka suri ya waya. Katika Windows ya Kifaransa, bonyeza kibonyezo cha Windows pamoja na I, tafuta «Pavé tactile», ukizime. Mushale ukitulia, kibao ndicho kibaya, na unaweza kuendelea na kazi kwa suri. Ukiendelea kuteleza, angalia kidude chekundu, ekra kama ni ya kugusa, ao suri yenyewe.

Na virusi? Mushale unaoteleza tu si alama yake. Lakini ukiona unafungua mafaili kama vile kuna mutu anauongoza, kata intaneti mara moja.

Hatari ya kweli ni batri. Katika mashini nyingi batri iko karibu na kibao, chini yake. Kama kibao kimeinuka, kimekuwa kigumu kubonyeza, ao mashini inayumba juu ya meza, pengine batri imevimba. Hapo wacha mambo ya mushale. Zima, chomoa sharjeri, usiichaji tena. Usiibonyeze, usiitoboe: inaweza kuwaka moto. Iweke mbali na kitanda na vitu vinavyowaka, kisha peleka kwa fundi anayejua kubadilisha batri.

Ukifika kwake, mwambie yote umekwisha kujaribu. Hautalipia kazi ambayo haikuhitajika.