Sonona ya majira na Februari ya Tindiga

Herbert Kern, mhandisi wa Marekani, aliandika daftarini kwa miaka mingi jinsi moyo wake ulivyokuwa ukipanda na kushuka kufuata misimu. Daftari hizo ziliwafikia watafiti wa afya ya akili wa serikali, nao wakamjaribu kwa taa kali. Mwaka 1984 mmoja wao, Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, akachapisha na wenzake habari za wagonjwa 29 waliozama katika sonona kila majira ya baridi. Ndipo sonona ya majira ikapata jina kitabibu.

Dodoso lao linauliza mambo sita: usingizi, kuchangamana na watu, hali ya moyo, uzito, hamu ya kula na nguvu. Kila moja hupewa alama 0 hadi 4 kadiri linavyobadilika mwaka mzima. Anayefikisha 11, na mabadiliko hayo yakawa yanamsumbua, huitwa kwa mazungumzo marefu na daktari.

Sonona hiyo ya baridi huhusishwa na uhaba wa mwanga, lakini Tindiga haipungukiwi mwanga. Kata hii ya Kilosa, Tanzania, iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata saa moja, wakati London tofauti inakaribia saa tisa. Hapa msimu mgumu huja na mvua. Ikifika Februari ghala limekauka, mahindi bado mabichi, na palizi imewadia. Mtu anaacha shamba lake, anakwenda kibarua kwa jirani apate unga wa siku mbili, huku magugu yakimlia mahindi yake. Kuna pia miaka ya Mto Mkondoa kufurika, kama ile ya Desemba 2009 na Januari 2010, watu wa Kilosa walipohama nyumba zao na Reli ya Kati ikakatika.

Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili unamweka mkulima huyu pembeni. Unataka hali ijirudie walau miaka miwili mfululizo, na isiwe imetokana na shida inayojirudia kila mwaka, kama kukosa kazi kila majira ya baridi. Kanuni hiyo naielewa, maana taa haijazi ghala. Lakini aliyepoteza usingizi na hamu ya kuishi kwa sababu ya njaa ni mgonjwa vilevile.

Afrika Mashariki tumewahi kuachwa hivyo. John Carothers, aliyeongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: wanawake wa huko walikuwa na sonona zaidi kuliko wenzao wa kusini mwa London. Miaka ya 1980 Tanzania ikaanza kupeleka huduma za afya ya akili hadi zahanati, na Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa ya majaribio.

Dodoso linalotumika sana leo kupima sonona lina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukimuuliza mkulima Julai, mpunga ukiwa ndani, atakujibu yuko salama. Kwa hiyo mhudumu aulize pia Februari ya mwaka jana na ya mwaka juzi, kisha apime malaria na upungufu wa damu, maana navyo humlegeza mtu. Swali la tisa ni la kuwaza kufa au kujidhuru. Anayekubali hasubirishwi hadi mavuno. Anasikilizwa siku hiyohiyo na kupewa rufaa.