Msongo wa walio wachache

Msongo wa walio wachache ni mzigo anaoubeba mtu kwa kuwa kundi lake linadharauliwa, juu ya shida za kila siku ambazo hazimwachi yeyote. Virginia Brooks aliuandikia kitabu mwaka 1981 akiwazungumzia wanawake wapenzi wa jinsia moja. Ilan Meyer akaujengea nadharia katika makala zake za 1995 na 2003.

Meyer anatenga vyanzo vya aina mbili. Vya mbali hutoka nje: matusi, ubaguzi, kufukuzwa kazi. Vya karibu humkaa mtu moyoni: kutazamia kukataliwa, kujificha, kujidharau.

Ofisa ustawi wa jamii aliye mpenzi wa jinsia moja anaweza kukutana na vyote. Ameketi sebuleni kwa mteja, anauliza habari za ndoa na watoto, kabla hajamaliza kuandika, mwenye nyumba anamgeuzia swali: “Na wewe, umeoa?” Akisema kweli, huenda familia ile isimwamini tena. Akidanganya, anakiuka uwazi anaowadai wengine.

Chanzo cha mbali kilidhihirika Georgia, Marekani. Gerald Bostock alikuwa mratibu wa huduma za ustawi wa watoto katika Kaunti ya Clayton. Mwaka 2013 alijiunga na ligi ya softiboli ya mashoga. Mwaka huohuo akafukuzwa kwa madai ya mwenendo usiofaa. Alishtaki, na tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 hairuhusu mtu kufukuzwa kwa sababu ya kuwa shoga.

Katika kuitafsiri istilahi ya Kiingereza “minority stress”, wengi wangekimbilia “msongo wa mawazo wa wachache”. Lakini “mawazo” huliweka tatizo kichwani mwa anayeumia, ilhali nadharia inasema linaanzia nje. “Shinikizo la wachache” nalo linapotosha: msomaji atadhani wachache ndio wanaowashinikiza wengi. Tena uchache huu si wa idadi bali wa hadhi. Waafrika Kusini weusi walikuwa wengi enzi za ubaguzi wa rangi, na bado walikandamizwa.

Wakufunzi wa ustawi wa jamii, msiongeze “mawazo” kwenye istilahi hii. Mkiliongeza, mwajiri atampeleka mfanyakazi kwa mshauri nasaha na kuziacha kanuni za kazi zilivyo.