Kionga na Bei ya Pwani

Ukivuka mdomo wa Mto Ruvuma kwenda kusini, kabla hujafika Palma, utakutana na Kionga. Wareno waliiandika Quionga, na Msumbiji inaiandika hivyo hadi leo. Ni pembetatu ya ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 400, kati ya mto na bahari. Kwa ukubwa si kitu. Lakini kuanzia 1886 hadi 1919 ilidaiwa na Sultani wa Zanzibar, Wareno na Wajerumani, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake mkononi. Ugomvi huo ni mkia wa biashara kubwa zaidi: Ujerumani kuinunua pwani ya Tanzania bara ya leo kwa mark milioni 4.

Ujerumani ilikuwa taifa changa, lililoungana 1871 tu. Marekani nayo ilikuwa changa ilipoinunua Louisiana kutoka kwa Napoleon mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Huko bei ilikubaliwa kwanza, ndipo ardhi ikakabidhiwa. Pwani yetu ilitwaliwa kwanza, bei ikaja kuzungumzwa baadaye.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Ukami na Nguru akikusanya mikataba, na Februari 1885 Kaiser akampa hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipopinga, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Barghash alimtazamia Mwingereza, rafiki yake wa miaka mingi, naye Mwingereza akamshauri akubali.

Likabaki swali la mipaka. Tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita pwani kuuliza mamlaka ya Sultani yanafika wapi. Mreno hakuwekwa ndani yake. Mwishoni mwa 1886 London na Berlin zikampimia Barghash ukanda wa maili 10 za baharini kwenda bara, kutoka Mto Minengani kwenye ghuba ya Tungi mpaka Kipini. Tungi iko kusini ya Ruvuma, kwa hiyo Kionga iliangukia upande wa Sultani.

Wino ulikuwa haujakauka. Tarehe 30 Desemba 1886 Berlin ilitia saini karatasi nyingine na Lisbon, ikikubali kwamba mpaka wa Wajerumani na Wareno ni Ruvuma. Ndani ya miezi miwili, serikali ileile ilikuwa imesema Kionga ni ya Sultani, kisha ikasema Mjerumani haendi ng'ambo ya mto. Wareno hawakungoja ufafanuzi. Februari 1887 waliishambulia Tungi kwa mizinga na kuitwaa. Barghash akalalamika kwa wakubwa waliompimia mpaka miezi michache nyuma, na hakuna aliyeinua mkono kumsaidia.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50, pamoja na ushuru wa forodha. Kampuni ilipojaribu kupandisha bendera yake, pwani ikalipuka, kutoka Pangani ya Abushiri bin Salim hadi Kilwa, Lindi na Mikindani. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bandari za kusini zilirudishwa kwa nguvu miezi michache baadaye. Hapo ndipo mezani kulikuwa na kitu cha kununua.

Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ilimpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland kilichoko Ulaya, naye akaiachia Zanzibar iingie chini ya ulinzi wa Kiingereza. Uingereza iliahidi pia kumshawishi Sultani aiuze kabisa pwani iliyokodishwa, pamoja na Mafia. Sultani mpya, Ali bin Said, hakuwa na nafasi ya kukataa. Bei ilikuwa mark milioni 4, sawa na paundi 200,000, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Kijerumani ikaichukua rasmi pwani.

Fedha yenyewe ilisafiri kwa namna ya ajabu. Ile kampuni ya Kijerumani iliipata kwa mkopo, na mkopo ukalipwa kwa mapato ya forodha za bandari zilezile zilizonunuliwa. Wachukuzi wa pembe za ndovu na wafanyabiashara wa Bagamoyo na Kilwa ndio waliolipia kuuzwa kwao. Upande wa pili, Sultani hakuachiwa azitumie fedha zake apendavyo. Mwaka 1895 Waingereza walizitumia kuilipa kampuni yao iliyoendesha pwani ya Mombasa, kisha wakamlipa Sultani paundi 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi ya pwani hiyo, na 6,000 zikiwa riba ya zile paundi 200,000 zake mwenyewe.

Na Kionga? Mwaka 1894 Wajerumani waliwafukuza Wareno wakadai kwamba Sultani alikuwa akitawala hadi Rasi ya Delgado, na kwa kuwa wao walinunua haki zake, Kionga ilikuwa ndani ya bei. Maandishi ya 1886 kuhusu Ruvuma yaliwekwa kando. Ureno ilikuwa imeelemewa na madeni na imedhalilishwa na Uingereza mwaka 1890, ikashindwa kubisha. Mpaka ukachorwa kwenye latitudo 10°40' kusini.

Hoja hiyo ilidumu muda ule nguvu iliyoibeba ilipodumu. Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita na Ureno. Mwezi uliofuata Wareno waliingia Kionga bila upinzani mkubwa. Hata kabla vita havijaisha walitoa stempu za posta za Lourenço Marques zilizogongwa jina la Kionga, ili posta iseme lile ambalo wanadiplomasia hawakuwa wamelisema. Septemba 1919 washindi wa vita waliitambua Ureno kuwa mwenye haki wa asili wa Kionga. Milioni 4 za mark hazikutajwa.

Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo Julai 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Walikuwa na sababu nzuri, kwani kufungua faili moja ni kufungua yote. Ila urithi huo una uzito wake. Kama Kionga ingebaki ya Wajerumani hadi mwisho wa vita, huenda ingeingia Tanganyika na leo ingekuwa Mtwara. Mpaka wa baharini ungesogea kusini, kuelekea maji ya Cabo Delgado yaliyogunduliwa gesi nyingi mwaka 2010.

Kwa hiyo mtu akitaja bei ya pwani, aulizwe nani aliilipa na nani aliipokea. Kwenye pembetatu hii jibu ni jepesi: watu wa pwani waliilipa kupitia forodha, Waingereza wakaishika kwa niaba ya muuzaji, na mnunuzi akaipoteza ardhi siku bunduki zake zilipoondoka. Wenyeji wa Kionga hawakuulizwa mwaka 1886, wala 1890, wala 1894, wala 1919. Mkataba wowote wa leo juu ya ardhi na gesi ya kaskazini mwa Msumbiji utakaosainiwa bila wao utakuwa wa tano.