Uwanja wa Umma ni wa Nani? Habari ya Jackson Park

Kila tukutanapo siku ya wanafunzi wa zamani, hakosi mmoja wetu kusimama na kusema, "Jamani, tuutengeneze uwanja wa shule." Ni neno jema. Lakini kabla hatujaanza kuchanga, naomba niwasimulie wenzangu, na vijana walioko madarasani leo, habari ya mji wa mbali uliotaka kutengeneza uwanja wake wa gofu. Funzo lake litatufaa.

Mji huo ni Chicago, Marekani. Upande wake wa kusini, kando ya Ziwa Michigan, ipo bustani iitwayo Jackson Park. Ramani yake ya kwanza ilichorwa mwaka 1871 na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, na mwaka 1893 yakafanyika hapo Maonyesho makubwa ya Dunia. Mwaka 1899 ukafunguliwa uwanja wa gofu. Zama hizo gofu ilikuwa zaidi mchezo wa matajiri na klabu zao. Uwanja huu ulikuwa mali ya umma. Haukuhitaji mtu awe mwanachama wa klabu yoyote.

Hata hivyo, neno "umma" halikuwa na maana moja kwa wote. Mwaka 1910 Walter Speedy, Mmarekani mweusi, pamoja na wenzake, walinyimwa nafasi katika mashindano ya hapo. Hawakunyamaza, walikwenda mahakamani kudai haki yao. Jirani na bustani hiyo, mtaa wa South Shore, palikuwa na klabu ya watu binafsi iliyoanzishwa mwaka 1905, yenye jumba la fahari na uwanja wa mashimo 9. Watu weusi na Wayahudi hawakupokelewa. Baadaye weusi wakawa wengi mtaani, lakini klabu haikuwafungulia mlango. Wanachama wakapungua hata ikashindwa kuendelea. Katikati ya miaka ya 1970 mamlaka ya bustani za jiji iliinunua, ikakusudia kulibomoa jumba lile. Wenyeji wakapinga kwa nguvu, na jumba likasalimika. Ndimo Barack na Michelle Obama walimofanyia karamu ya arusi yao mwaka 1992.

Jina hilo si geni kwetu. Baba yake Barack alikuwa mwana wa Kenya, naye alisoma Maseno. Mwaka 2016 Jackson Park ilichaguliwa kuwa mahali pa kujenga Kituo cha Rais Obama. Desemba ya mwaka huo huo ukatangazwa mpango wa pili: uwanja wa Jackson Park wenye mashimo 18 na ule wa South Shore wenye 9 viunganishwe kuwa uwanja mmoja wa mashimo 18, utakaochorwa na kampuni ya Tiger Woods na kustahili mashindano makubwa ya kulipwa. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 30, nyingi zikitarajiwa kutoka kwa wafadhili.

Waliounga mkono walikuwa na hoja. Viwanja vilikuwa vimechakaa, ukingo wa ziwa ulikuwa ukiliwa na mawimbi, na vijana wa mitaa ile wangepata mafunzo na kazi. Waliopinga nao walikuwa na zao. Mashimo 27 yangekuwa 18, na uwanja mdogo, ambao mtoto na mzee huweza kuumaliza bila kuchoka, ungetoweka. Miti mingi ingekatwa. Viongozi waliahidi ada nafuu kwa wakazi, lakini watu waliuliza: uwanja wa mabingwa utabaki nafuu kwa miaka mingapi? Lalamiko lililokuwa zito kuliko yote ni kwamba mchoraji alitajwa kwanza, na wachezaji wakaulizwa baadaye.

Mwaka 2018 mamlaka ya bustani ilipitisha mpango wa jumla wa eneo hilo. Ujenzi wa Kituo ulianza mwaka 2021, lakini ule wa gofu haukufuatana nao. Novemba 2022, wapiga kura wa vituo vya jirani waliulizwa kama ukataji wa miti ukomeshwe. Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria, lakini walio wengi sana walijibu ndiyo.

Simlaumu Tiger Woods, wala siwacheki watu wa Chicago. Uwanja ukichakaa, sharti utengenezwe. Ila wale waliotoka kizazi cha Speedy hadi waliookoa jumba la South Shore walikuwa wamelipa gharama kubwa ili waingie. Si ajabu kwamba wao na warithi wao walitaka kwanza kujua kama mlango utabaki wazi.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi wenye fedha kidogo leo tunaota majani ya kijani, uzio na jukwaa la wageni wa heshima. Je, tumemwuliza mvulana wa kidato cha kwanza anayecheza pale kila jioni? Tumewauliza watoto wa kijijini wanaokatiza hapo na mpira wao wa makaratasi? Huenda wao wanataka mfereji wa maji ya mvua tu, na kivuli cha mwembe kiachwe.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tuchange, ndugu zangu, tena tuchange kwa moyo. Lakini tuanze kwa kuuliza.