Ugonjwa wa Castleman kwa watoto na kwa watu wazima

Ugonjwa wa Castleman ni kundi la maradhi adimu ya tezi za limfu ambamo tezi huvimba na kujaa seli za kinga, ingawa uvimbe wenyewe si saratani. Umepewa jina la Benjamin Castleman (1906–1982), mtaalamu wa patholojia wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani. Mwaka 1954 alichapisha habari za mgonjwa mmoja, na mwaka 1956, akiwa na wenzake, akaeleza wagonjwa 13 waliokuwa na uvimbe katikati ya kifua. Maradhi haya hayachagui umri, lakini sura yake hubadilika na umri. Kwa mtoto huwa aghalabu ni uvimbe wa mahali pamoja, nao ukitolewa wote amepona. Kwa mtu mzima, hasa aliyekaribia au kuvuka miaka 50, huwa mara nyingi zaidi ni maradhi ya mwili mzima yanayohitaji dawa na kliniki za mara kwa mara.

Eneo moja au maeneo mengi

Mwaka 1972 Castleman na wenzake wawili walikusanya wagonjwa 81 na kuligawa tatizo kwa namna tezi inavyoonekana kwenye hadubini. Katika aina ya kwanza, iliyokuwa na wagonjwa karibu 9 kati ya kila 10, mishipa midogo ya damu hupenya hadi kiini cha kifundo cha seli, na seli zinazokizunguka hujipanga tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Katika aina ya pili, tezi hufurika seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, na mgonjwa huwa na homa na upungufu wa damu.

Mgawanyo huo bado unatumika maabara. Wodini, hata hivyo, swali lenye uzito zaidi ni kama ugonjwa umekaa eneo moja au umeenea maeneo mengi, na jibu lake ndilo linaloamua tiba na hatima ya mgonjwa. Umri hauamui lolote wenyewe: mtoto mwenye ugonjwa wa maeneo mengi huumwa sana kama baba yake angeumwa, na mtu mzima mwenye uvimbe mmoja hupona kwa upasuaji kama mtoto. Tofauti ya watoto na watu wazima ni kwamba wengi wa kundi moja huangukia upande huu, na sehemu kubwa ya kundi la pili upande ule.

Kwa watoto

Mara nyingi mtoto huletwa kwa sababu ya uvimbe shingoni: mgumu kiasi, usiouma, unaokua polepole kwa miezi. Ana afya njema na anacheza kama kawaida. Uvimbe wa kifuani huonekana kwenye picha ya eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine, au humletea kikohozi unapobana njia ya hewa.

Uvimbe wa tumboni una mambo yake, na ndio unaopoteza muda mwingi zaidi. Ukijificha kwenye utando unaoshikilia utumbo, hakuna anayeuona wala kuugusa. Kinachoonekana ni mtoto aliyepauka, mwenye homa za hapa na pale, asiyeongezeka uzito, mfupi kuliko wadogo zake, na akifikia umri wa kubalehe anachelewa. Vipimo huonyesha chembe nyekundu ndogo na himoglobini ya chini. Katika Afrika Mashariki daktari atafikiria kwanza minyoo ya safura, malaria, selimundu au lishe duni, na ana haki ya kufanya hivyo, maana hayo ndiyo ya kila siku. Lakini mtoto huyu hupewa vidonge vya madini ya chuma mwezi baada ya mwezi na damu haipandi.

Sababu yake inajulikana. Tezi iliyougua humwaga kwa wingi kemikali ya kinga iitwayo intalukini-6. Kemikali hiyo huliamrisha ini kutoa hepsidini, homoni inayofungia chuma ndani ya ghala zake na kuzuia utumbo usifyonze kingine. Chuma kipo mwilini ila uboho haukipati. Kemikali hiyohiyo huleta homa na kudumaza ukuaji. Ndiyo maana matokeo ya upasuaji huwashangaza hata madaktari wazoefu: uvimbe ukitoka, homa hukoma, damu hupanda bila dawa, na mtoto huanza kurefuka kufidia miaka iliyopotea.

Ugonjwa wa maeneo mengi kwa mtoto ni nadra. Ukionekana, wataalamu hutafuta pia kasoro za kurithi za mfumo wa kinga, au maradhi ya mwako kama homa ya Mediterania ya kurithi, ambayo huweza kuuiga au kuandamana nao.

Kwa watu wazima

Ugonjwa wa eneo moja huwapata pia watu wazima, wengi wao wakiwa na miaka ya 30, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati. Hapo hakuna tofauti kubwa na mtoto.

Ugonjwa wa maeneo mengi ndio wenye uzito. Tezi huvimba shingoni, kwapani, kinenani na tumboni; wengu na ini hukua; mgonjwa hupata homa, hutokwa jasho usiku, hukonda, huvimba miguu, na protini ya albumini hushuka. Kwa baadhi, chanzo ni virusi vya malengelenge vya binadamu namba 8 (HHV-8), vilivyogunduliwa mwaka 1994 katika saratani ya Kaposi na mwaka uliofuata vikakutwa katika ugonjwa huu. Kundi hili huhusisha sana watu wanaoishi na VVU, na linaweza kujitokeza hata kwa mtu anayetumia dawa zake vizuri na mwenye CD4 za kuridhisha. Dawa za VVU pekee hazitoshi. Dawa ya rituximab, inayoua seli za kinga vinamojificha virusi, ndiyo iliyogeuza hatima ya wagonjwa hawa, ingawa huweza kuichochea saratani ya Kaposi iliyopo, hivyo madaktari huongeza tiba ya kemikali.

Wengine hawana HHV-8 na chanzo chao hakijulikani. Kwao dawa ya siltuximab, inayoizuia intalukini-6, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Japani ilikwishaidhinisha tocilizumab mwaka 2005. Vigezo vya kimataifa vya kutambua kundi hili vilichapishwa mwaka 2017. Aliyeongoza kazi hiyo, David Fajgenbaum, ni mgonjwa mwenyewe: ugonjwa ulimwangusha mwaka 2010 akiwa mwanafunzi wa udaktari Pennsylvania, kijana wa miaka 25. Yeye ni ushahidi wa kutosha kwamba ugonjwa wa maeneo mengi si wa wazee peke yao.

Mahali umri usiposaidia

Kuna tatizo moja linalowapata wakubwa na wadogo kwa ukali uleule. Uvimbe wa eneo moja, hasa ulio tumboni au kifuani, huweza kuufanya mwili ushambulie ngozi yake: mdomo hujaa vidonda visivyopona, ngozi hutoka malengelenge, na njia ndogo za hewa mapafuni huziba. Uvimbe ukitolewa ngozi huweza kupona, lakini mapafu yaliyokwishaharibika hayarudi. Kwa mtoto, vidonda vya namna hii vikithibitika, ugonjwa wa Castleman ni miongoni mwa mambo ya kwanza kutafutwa.

Vitabu vya Ulaya na Marekani huichukulia HHV-8 kuwa habari ya watu wazima. Kwetu kanuni hiyo haifai kufuatwa bila kufikiri. Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo ni sehemu ya ukanda ambako virusi hivi vimeenea, na wengi huvipata utotoni kwa njia ya mate. Saratani ya Kaposi kwa watoto, tena ile inayoanzia kwenye tezi, inajulikana siku nyingi katika ukanda huu. Kutoka Malawi madaktari wameripoti ugonjwa wa Castleman wa maeneo mengi kwa watu wazima na pia kwa watoto wenye VVU.

Kikwazo kikubwa katika kuutambua ugonjwa wa Castleman ni kifua kikuu cha tezi, ambacho ni cha kawaida zaidi na hufanana nao kwa homa, jasho na kukonda. Sindano nyembamba huchota seli chache tu, ilhali utambuzi wa Castleman hutegemea kuona mpangilio wa tezi nzima. Mgonjwa yeyote, mtoto au mtu mzima, ambaye tezi zake hazijanywea licha ya kutumia dawa za kifua kikuu ipasavyo anastahili kutolewa tezi nzima ipimwe na mtaalamu wa patholojia, apimwe VVU kama bado, na kipande hicho kichunguzwe pia HHV-8.