Mikono ya Kunduchi: siku msimulizi aliponyamaza

Ukitaka kuielewa historia ya filamu za hali halisi Tanzania, usianze na picha. Anza na sauti. Jiulize: nani anaongea, na anamwambia nani afanye nini? Mimi huwa naipima historia hii kwa swali hilo moja, na kila nikifika mwaka 1992 nakuta jambo ambalo bado linanishangaza: msimulizi ameondoka, na filamu inaendelea bila yeye.

Lakini tusiruke hatua. Twende kwanza Vugiri, kwenye milima ya Usambara, si mbali na Korogwe. Hapo, kati ya 1935 na 1937, Waingereza wachache waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada zenyewe? Kodi. Kuweka akiba Benki ya Posta. Minyoo ya safura. Picha zilikuwa hazina sauti, kwa hiyo maelezo yaliwekwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huku kwetu. Yaani sura ni ya Mwafrika, kauli ni ya mwenye mradi.

Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, na mtindo ukabaki uleule. Gari la sinema linaingia kijijini, shuka jeupe linatundikwa, na mtu anasimama na kipaza sauti kuwaeleza watu wanachokiona kwa macho yao wenyewe.

Uhuru ukaja. Mwaka 1968 serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye ikaja Taasisi ya Picha na Sauti. Sitaki kuwabeza waliofanya kazi humo. Walikuwa na vifaa haba na nchi kubwa, na mambo waliyoyafundisha, kilimo, afya, kujitegemea, yalikuwa na maana. Ila tuseme ukweli: sasa mwelekezaji alikuwa ndugu yetu, lakini bado alikuwa mwelekezaji. Mkulima kwenye filamu aliendelea kuwa mfano wa jambo fulani. Mwenye kusema jambo lenyewe alikuwa msimulizi.

Ndipo tunafika kwa Flora M'mbugu-Schelling. Huyu ni Mtanzania, mtayarishaji na mwongozaji huru, ambaye mwaka 1987 alikuwa tayari ametoa *Kumekucha*, filamu kuhusu wanawake na mzigo wa kazi zao. Mwaka 1992 akatoa *These Hands*, kwa Kiswahili tungesema "Mikono Hii". Ni filamu ya dakika kama 45 hivi. Mahali ni machimbo ya mawe ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Watu ni wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Kazi ni kuponda mawe kwa nyundo mpaka yawe kokoto.

Basi. Hicho ndicho kisa chote.

Hakuna msimulizi. Hakuna mtaalamu aliyeketi ofisini akieleza umaskini ni nini. Kuna nyundo, jiwe, mkono. Kuna watoto pembeni ya mama zao, kuna nyimbo. Mwanzoni mtazamaji anasubiri aelezwe. Dakika zinapita, haelezwi kitu. Halafu polepole anaanza kufanya kazi ambayo santuri ya Vugiri haikumruhusu babu yake aifanye: kuangalia mwenyewe. Anaona jiwe lina ugumu gani. Anaona lundo linavyokua taratibu mno, na anajikuta anapiga hesabu: lori moja ni mapigo mangapi ya nyundo?

Kwangu mimi, hapa ndipo neno "huru" linapopata maana. Mara nyingi tukisema mtayarishaji huru tunamaanisha hana mwajiri. Kwa M'mbugu-Schelling uhuru ulikuwa pia kukataa kuwafanya watu mfano wa hotuba ya mtu mwingine.

Na hebu tuangalie ni wanawake gani hao. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam, mwaka 1962. Kutoka jiji hili ndiko zilikopangwa harakati zilizoifikisha Msumbiji kwenye uhuru tarehe 25 Juni 1975. Miaka miwili baadaye vita vya ndani vikaanza, watu wakavuka tena Ruvuma kuja kwetu, kama Wamakonde wengi walivyowahi kuvuka zamani kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, mwaka uleule wa filamu hii. Kwa hiyo jiji lililowalea wapigania uhuru wa Msumbiji, miaka thelathini baadaye, lilikuwa linajengwa kwa kokoto za mikono ya wanawake wa Msumbiji. Filamu haikuambii hilo kwa hotuba. Ukiijua historia, nyundo inatosha.

Mtu anaweza kuhoji, na ni haki yake: je, kumwondoa msimulizi si kuwanyima wanawake hawa nafasi ya kujieleza? Tunaijua mikono yao kuliko majina yao. Hoja hii ina uzito, na siwezi kuipuuza. Ninachojibu ni kwamba ukimya wa msimulizi si ukimya wa wanawake. Wanaimba, wanazungumza, wanasikika kwa Kiswahili na Kimakonde. Na miaka yote ile iliyotangulia, sauti iliyojifanya inawasemea ndiyo iliyowafunika.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza 1994. Tamasha la filamu la ZIFF lilikuwa halijazaliwa; lilianza 1998. Mtayarishaji anamaliza kazi yake, anageuka kutafuta pa kuionyesha nyumbani, hapaoni. Filamu ikapata msambazaji San Francisco, California Newsreel, ikaingia kwenye maktaba za vyuo vikuu vya Marekani. Hata jina inalojulikana nalo ni la Kiingereza.

Hapo ndipo linaponiuma mimi. Sisi wapenzi wa fasihi tunajua kitabu kisichosomwa nyumbani kinakuwa mgeni kwao. Filamu nayo vivyo hivyo. Leo vituo vya televisheni tunavyo, tena vingi, na simu zimejaa mikononi. Mtoto aliyekuwa kando ya mama yake pale machimboni sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Anastahili kuiona filamu hii hapahapa Kunduchi, bila kuomba ruhusa ya maktaba ya ng'ambo. Na siku ikionyeshwa, tafadhali, asisimame mtu na kipaza sauti kutueleza tunachokiona.