Nyumba ya Kuku ya Warumi

Ni nani kati yetu ambaye hajaamka asubuhi akakuta manyoya tu pale walipolala kuku wake? Hasara hii si ya jana.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo aliishi Columella, mzaliwa wa Gades, mji wa Hispania uitwao leo Cádiz. Aliandika kwa Kilatini vitabu 12 juu ya kilimo na ufugaji. Katika kitabu cha 8 aagiza kuta za nyumba ya kuku zisilibwe laini, ndani na nje, ili paka na nyoka wasipate njia. Madirisha yatiwe fito, na vimlango vya kuku vifungwe kila jioni.

Wavu wa waya ulikuja baadaye sana. Mwaka 1844, huko Norwich, Uingereza, Charles Barnard alibuni mashine ya kuufuma kwa kuiga mashine za nguo. Ni msaada mkubwa. Lakini mnyama mwenye nguvu hupasua wavu mwembamba, na nyoka mdogo hupita katika matundu yake.

Basi asiye na fedha za waya asikate tamaa. Udongo tunao, fito tunazo. Tusilibe kuta, tuzibe kila ufa, tufunge mlango kabla ya giza. Mwizi wa usiku haulizi nyumba iligharimu kiasi gani. Hutafuta tundu tulilosahau.